Chupa ya Ijumaa

Shakeb alificha mikono yote miwili ndani ya shali, kama afanyavyo kila Ijumaa, ili asipakwe manukato aliyoyatengeneza mwenyewe.

"Toa mkono, wewe!" Mzee Nanhe alimkabili mlangoni mwa msikiti. Yeye ndiye mwadhini, na kwa miaka arobaini na mitatu ndiye aliyewapaka waumini shamama mkononi kabla hawajaingia kuswali. "Mpishi gani huyu anayekimbia chungu chake?"

"Ngozi inaniwasha, mzee."

"Inakuwasha tangu baba yako afe! Nenda hospitali, usije ukatuambukiza."

Foleni ikacheka. Mzee Nanhe akaizibua chupa na kuisogeza kwenye pua yake kubwa, pua ambayo wauza manukato wote wa mji wa Kannauj waliiogopa. Akasema lile asemalo kila Ijumaa: "Ile ile. Haijabadilika hata chembe. Mola alijaze kaburi la Hakimuddin harufu hii hii tunayoinusa hapa."

"Amina," watu wakaitikia.

Shakeb aliitikia kwa midomo tu. Dua ile ilimchoma kuliko tusi.

Marehemu Hakimuddin, baba yake, alikuwa bingwa wa shamama, manukato mazito ya wanaume ya majira ya baridi. Katika mji ule bwana harusi hakutoka nyumbani bila kujipaka shamama ya Hakimuddin, na chupa ya msikitini ilikuwa sadaka ya nyumba yao tangu enzi za babu. Siku ya kuchanganya, Hakimuddin alijifungia peke yake na kutia komeo. Alipokuwa akikata roho alimkabidhi Shakeb daftari la mapishi, lililoandikwa kwa mkono wa babu. Hakumtazama usoni.

"Fanya uwezavyo," alisema, akageukia ukutani.

Shakeb alifanya alivyoweza. Mwaka wa kwanza tu bei ya mafuta ya mti wa sandali ilimshinda. Badala yake akatia mafuta mepesi ya kiwandani, yasiyo na harufu wala uwezo wa kushika harufu ya udi au zafarani. Ijumaa ile alikwenda msikitini akijua kwamba pua ya Mzee Nanhe ingemvua nguo mbele za watu. Mzee akanusa. "Ile ile." Mwaka wa tatu akaondoa udi. "Ile ile." Mwaka wa sita akapunguza zafarani mpaka ikabaki rangi tu. "Ile ile, haijabadilika hata chembe," na dua juu yake. Hakuna mteja aliyerudisha chupa. Shakeb akaamini kwamba watu hununua jina, na kwamba pua, hata iwe kubwa namna gani, hudanganyika.

Lakini Mungu hadanganyiki. Kila aliposujudu alimwona baba yake, mtu aliyemwachia amana safi, amelala kaburini ndani ya mafuta ya kiwandani, kwa sababu waumini mia tatu walikuwa wakiitikia amina kila wiki. Sijda zake zikawa fupi. Akawa anainua kichwa kabla ya imamu.

Mwaka wa tisa, baridi ilipoanza, moyo ulimshinda. Akauza pikipiki yake ili anunue sandali halisi.

"Sasa sokoni utakwenda na nini?" aliuliza Tahseen, mkewe. "Utaipanda chupa?"

"Nitatembea."

"Na mimi nitabebwa mgongoni? Haya, bwana. Ila ukiugua miguu usiniite nikukande."

Shakeb akafungua daftari la babu na kulifuata neno kwa neno. Siku kumi na tano alikesha na vyungu vya shaba, akikandika midomo ya vyungu hivyo kwa udongo ili mvuke usipotee, akipunguza kuni na kuongeza. Sandali ilikuwa sandali, udi ulikuwa udi, na zafarani hakuipunja. Siku ya kumi na sita akachovya kijiti, akakinusa, na machozi yakamtoka. Hakukumbuka kwamba shamama ilikuwa nzito hivi, wala kwamba ilikuwa na utamu ule unaokuja mwishoni. Alijilaumu: udanganyifu wake ulikuwa umemla mpaka kumbukumbu.

Usiku ule aliswali rakaa mbili. "Mola wangu," alisema, "kesho dua ya yule mzee iwe ya kweli."

Ijumaa alikuja bila shali. Akampa Mzee Nanhe chupa mpya, kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Leo umepona?" Mzee alicheka. Akazibua, akanusa.

Kicheko kikakatika. Akanusa tena, taratibu, macho yamefumbwa. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni yenyewe, mzee. Ni ya baba." Shakeb hakuinamisha kichwa. "Hiyo nyingine niliichakachua mimi. Miaka tisa nimewadanganya wewe na msikiti mzima. Nisamehe."

"Unanieleza nini wewe?" Mzee Nanhe alifumbua macho, yalikuwa yamelowa. "Ya baba yako nimeipaka kwa vidole hivi tangu aliposhika kazi mpaka alipokufa, na chupa uliyoleta Ijumaa iliyopita ilikuwa ile ile. Hii hapa niliinusa mara ya mwisho siku tuliyomzika babu yako."

Kisha akainua mikono aombe dua kama kawaida, akafika kwenye jina la Hakimuddin, akakwama.