Fungu la mlembe

Tulipokwisha kurina asali katika msitu wa Kigwa, Kornel, mpiga picha za wanyama kutoka Dar, aliokota sega nililomwachia mlembe juu ya jani, akalitafuna.

"Mzee, ndege hali asali bwana!"

Huyu alisoma mchana. Mimi wa shule ya usiku najua kwamba mlembe hula nta, na ndiye aliyetuonyesha nyuki. Ukimdhulumu fungu lake, safari nyingine hukupeleka kwa simba.

Asali ilimchuruzika kidevuni, ikadondokea kamera.

Mlembe akalia tena, akarukia kichaka cha mbele.

"Anatuita! Twende!"

Nikatazama chini. Nyayo zilikuwa mpya, pana kuliko kiganja changu, nazo zilielekea kichakani.

"Tangulia, msomi," nikamwambia. "Utapata picha nzuri."