Picha Zisizo na Doa

Mama mkwe alisimama nje ya bafu, taulo begani na sabuni mkononi, akaugonga mlango kwa kiganja.

"Mkwe, watu tunataka kuoga!"

"Usifungue, mama! Ukifungua tu, mjukuu wako anaungua!"

Akaruka nyuma kabla hajakumbuka kwamba mjukuu alikuwa sebuleni, amebebwa mgongoni na mama yake. Kilichokuwa bafuni ni picha yake tu, ikielea kwenye beseni la dawa chini ya taa nyekundu. Ndivyo zilivyokuwa Jumapili za nyumba ile: blanketi dirishani, bafu limegeuzwa chumba cha giza, na wakwe wananuka jasho.

Zamani mkwe huyo alikuwa na studio yake ya picha. Watu walipanga foleni wamejipulizia manukato, kana kwamba picha hunasa harufu. Simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, studio ikafungwa. Akaajiriwa kutunza ghala la rangi, kamera na mashine zake akazifungia sandukuni. Alisema ameacha, wala hajutii. Alikuwa anajidanganya.

Kisha akazaliwa Bosi, aliyepewa jina hilo kwa sababu akilia, nyumba nzima inasimama. Baba yake akalishusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Sikukatazi," mkewe alimwambia. "Ila siku kamera hiyo itakapokunyang'anya mtoto wako, Baba Bosi, naiuza kwa wanunua vyuma chakavu."

"Mshika mbili moja humponyoka," mama mkwe akaongeza, bila kuulizwa.

Methali hiyo ilimkera kama kokoto kiatuni. Akaapa kuwaonyesha kwamba yeye atazishika zote mbili: atakuwa baba, na atakuwa mpiga picha. Njia aliiona mapema. Hatapiga picha ya kitu kingine, atampiga Bosi. Akawa anamwogesha, anamlisha, anambadilisha nepi, kisha anamkalisha kwenye mto na kumwashia flashi. Nani angesema anamtelekeza mtoto?

Mikono iliyodhani imesahau ikakumbuka kila kitu. Kilichomsumbua ni vumbi. Kila fundi wa enzi zile anajua: chembe ikitua kwenye mkanda, picha hutoka na kidoa cheupe. Kidoa ukutani, kidoa shavuni, kidoa jichoni. Tiba yake ni wino mweusi, brashi ya unywele mmoja au nywele mbili, na subira. Alikuwa akiinama mezani, ulimi nje, akidonoa wino juu ya picha nukta kwa nukta mpaka weupe umezwe na weusi. Machoni ndiko alikokawia zaidi, maana flashi yake ilikuwa kuukuu na aliilaumu kwa mengi. Akimaliza, hata yeye mwenyewe hakuweza kuonyesha doa lilikuwa wapi.

"Picha ni jicho," alimwambia mkewe. "Jicho likiwa na kasoro, picha imekufa."

"Sawa, profesa. Sasa toka, mama yangu aoge."

Watu wakaanza kuziona. Mwenye duka la vitabu akampa ukuta mzima azitundike. Siku ya kuzindua, baba alisimama katikati ya watu, Bosi mikononi, akipongezwa huku anafutwa mate ya mtoto begani. Mkewe alilia kwa furaha. Hata mama mkwe aliimeza methali yake.

"Kumbe zinashikika," alisema, akimchukua mjukuu. Bosi akanyoosha mkono kuivuta miwani ya bibi yake, akakamata hewa. "Ila huyu mtoto ananitazama kama kuna mtu nyuma yangu."

"Anatafuta kamera, mama."

Wakacheka wote. Baba alicheka kuliko wote, maana alikuwa hajawahi kuwa na furaha kama ile.

Walipompeleka mtoto kliniki kwa chanjo, muuguzi, huku akimtania, alimmulika usoni kwa tochi. Akammulika tena. Utani wake wote ukakatika, akawaandikia waende kwa daktari wa macho, leo hii, si kesho.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Hakuzunguka mbuyu.

"Kuna uvimbe ndani ya jicho la kulia, na umeshakuwa mkubwa. Jicho hili itabidi tulitoe. Tunachopigania sasa ni uhai wake."

Mama yake Bosi alishika kiti. "Tungewezaje kujua, daktari? Halii, hawashwi, hana chochote."

"Mara nyingi wazazi huuona kwanza kwenye picha. Ukimpiga kwa flashi, mboni inatoka nyeupe. Wakimleta mapema, wengi wao jicho tunaliokoa." Akasita. "Mnazo picha zake za nyuma? Zingenisaidia kujua ulianza lini."

"Tunazo!" Mama yake Bosi alikuwa ameshaufungua mkoba wa nepi. "Baba yake ni mpiga picha, daktari. Tunazo tangu ana wiki."

Akafunua albamu juu ya meza, ukurasa baada ya ukurasa, machozi yakimdondokea kwenye plastiki, akiyafuta kwa kiganja. "Angalia mwenyewe. Mboni nyeusi tii. Zote. Hakuna hata moja nyeupe."

Daktari alichukua kioo cha kukuzia, akainama, akaziangalia kwa muda mrefu. Mwishowe akaifunga albamu taratibu.

"Kweli. Basi umemjia ghafla. Msijilaumu, hakuna ambaye angeweza kuona."

Mkewe akaunyoosha mkono kando, bila kugeuka, akiutafuta mkono wa mumewe aushike. Mumewe aliusukuma zaidi mfukoni. Wino ulikuwa bado haujatoka vidoleni.