Nyama ya Ijumaa

Dougal Kerr aliimeza nyama bila kuitafuna, na jasho likamtoka katika baridi ile ya Februari 1952.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo Mkatoliki hali nyama. Tangu azaliwe hakuwahi kugusa nyama siku hiyo. Mama yake angemnyang'anya sahani. Lakini Balgarrow ilikuwa klabu ya mpira ya Waprotestanti, haijasajili Mkatoliki hata mmoja. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na mji mzima uliijua. Siku ya kutia saini, mwenyekiti, mzee Struthers, alimuuliza swali moja tu: "Ulisoma shule gani?" Kule Uskoti jina la shule hutaja dini yako. Dougal akataja shule asiyowahi kuikanyaga. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa keshaitembea miezi mitano, akiwa mshambuliaji wa kati.

"Mbona unaila kama dawa?" Wullie Baird, winga wa kushoto, akamtania. "Au wewe mtu wa Papa, bwana?"

Meza nzima ya timu ikaangua kicheko. Mzee Struthers hakucheka. Alikuwa mwisho wa meza na samaki wake, maana tumbo lake, alisema, liliharibikia vitani.

"Mtu wa Papa? Hapa kwangu?" akanguruma. "Nitamtupa nje na viatu vyake, leo hii hii!" Akamkazia Dougal macho.

Dougal akaomba aongezwe nyama.

Kesho yake alifunga mabao mawili. La pili lilipoingia, mkono ukapanda wenyewe hadi kwenye paji la uso, ufanye ishara ya msalaba. Masalale! Akajikuna kichwa upesi. Alipotazama jukwaani, Struthers alikuwa amesimama, anamwangalia yeye tu.

Usiku huo Dougal hakupata usingizi. Akifukuzwa, ni kurudi shimoni kuchimba makaa, yale yale yaliyokwisha kula mapafu ya baba yake. Aliogopa, tena aliogopa kweli kweli.

Jumapili alfajiri akapanda treni mpaka mji wa tatu, asikojulikana na mtu. Kofia kaishusha machoni. Katika kanisa Katoliki la huko akaungama dhambi ya nyama, kisha akakaa benchi la nyuma kabisa kungoja misa. Kidogo roho ikamtulia.

Mlango ukalia. Dougal akageuza shingo. Mzee Struthers, na koti lake refu, kasimama kizingitini.

Amenifuata! Kwisha habari yangu. Akataka kukimbia, lakini mzee alikuwa mlangoni. Akainamisha kichwa, akasikia hatua zikija, zikija, zikakoma hapo hapo ubavuni pake.

Mzee akapiga goti, akajisogeza kwenye benchi lile lile, rozari iliyochakaa imemzunguka vidole. Ndipo alipoinua macho. Uso ukamparama.

"Dougal," akanong'ona, "nani kakutuma unifuate?"