Ufagio wa Mwamvua

Tangu sheria ya kutandazwa ianze, mume mwenye wake wawili hukaa nyumba zote mbili kwa wakati mmoja, nusu huku, nusu kule, ili haki itendeke. Lakini kwa Mwamvua, Shomari alikuwa mwepesi kama moshi wa udi. Hata kikombe cha chai kilimponyoka vidoleni. Kwa mke mwenzake wa ng'ambo ya barabara, Sikudhani, mchafu asiyejua hata kukunja shuka, kicheko cha Shomari kilisikika mpaka barabarani.

Mwamvua akaona wivu. Akazidi kufagia, akazidi kupanga, hata vijiko akavilaza kwa urefu wao. Shomari akazidi kufifia.

"Unamfukuza mwenyewe, shoga," jirani yake, Mama Tausi, akamwambia. "Mtu aliyetandazwa hupita kwenye nyumba iliyopangika kama maji mferejini. Kwenye vurugu hunasa."

Mwamvua hakungoja kuambiwa mara mbili. Akapindua makabati, akamwaga mchele sakafuni, akatupa masufuria huku na huko. Kabla ya adhuhuri kuadhiniwa, Shomari akatua mzimamzima, mzito, ana jasho na kivuli. Mwamvua akapiga kigelegele makusudi, ng'ambo ya barabara wasikie.

Ila Shomari alinasia dirishani, hawezi kusogea hata hatua moja, uso umeelekea mlango wa Sikudhani.

"Mke wangu," akasema taratibu, bila kugeuka, "nisogezee kando hilo pazia."

Mwamvua akaokota ufagio. Akautazama kwa muda mrefu, kisha akaulaza tena juu ya mchele.