Jicho la Kulia

"Krrr, krrr." Kabla hajaliona gari, Mwanahawa alijua mumewe, Chande, amefika. Alikuwa kwa mama yake mwezi mzima, tangu usiku ule taa moja ya gari, zile zinazochomoza kwenye boneti, ilipokataa kuinuka, yeye na mumewe wakatumbukia mtaroni.

Chande alibonyeza swichi tena. Taa ya kushoto iliinuka, ya kulia ikanguruma tu.

"Shemeji, gari bado linakonyeza wake za watu?" mdogo wake Mwanahawa alicheka.

Chande aliinama, akazungusha mota ya taa kwa vidole. Taa ikapanda taratibu.

"Umeiinua kwa mkono," alisema Mwanahawa.

"Ndiyo. Gia ya mota imelika. Ningeweza kuiinulia kule barabarani kabla sijafika, usijue."

Mwanahawa alimtazama, kisha akaenda kuchukua begi lake.

"Tuondoke jua lingalipo," alisema Chande. "Sitakupakia tena gizani, mke wangu, mpaka jicho hili lifumbuke lenyewe."