Chumba cha Kidole

"Nenda kushoto," alisema mama, na fundi akabonyeza herufi mojamoja kwa kidole kimoja, kama mtu anayeua kunguni.

"Uko sebuleni," akasoma. "Kuna viti vinne. Kimoja kimefungwa waya mguuni."

Mama akacheka. "Si ulikifunga wewe, ukasema kitadumu?"

"Si kinadumu?"

Huo ulikuwa mchezo wa Kidole, mtoto wao wa pekee, waliyemzika miaka mitatu iliyopita. Hauna picha wala muziki. Unaandika unataka kwenda wapi, kompyuta inakueleza kwa maneno umefika wapi na unaona nini. Kidole aliutunga akiwa bado shuleni, na nyumba aliyoiweka mle ndani ilikuwa yao wenyewe, chumba kwa chumba.

Fundi aliufufua kazi zilipodorora. Watu hawatengenezi tena redio, wananunua nyingine. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, aliivuta ile kompyuta kuukuu kutoka chini ya meza ya karakana, akaipangusa vumbi, akabadilisha waya, ikawaka. Tangu hapo mkewe huja kukaa naye kila mchana. Macho ya mama yalikwisha kupoteza nuru kabla hata ya msiba, kwa hiyo msomaji ni fundi. Tangu mazishi mama alikuwa hali chakula mpaka abembelezwe kama mgonjwa. Hapa, mchezo ukikolea, anamaliza mkate wake bila kujijua.

"Mwambie aangalie dirishani."

Vibonye vikalia. "Dirishani amelala paka mweusi. Mkia nusu."

Mama akaacha kutafuna. "Mzee, mkia wa paka si umebanwa na mlango juzi tu?"

"Juzi."

"Na paka mwenyewe tumempata mwaka huu. Kidole alimjulia wapi?"

"Mimi nasoma tu, mama Kidole."

Akajifuta jasho shingoni. Joto lilikuwa limejaa mle ndani na mtaa umetulia tuli. Hata mashine ya kinyozi wa jirani ilikuwa haisikiki.

"Basi yumo," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nipeleke chumbani kwake."

Mlango huo fundi alikuwa akiukwepa tangu mwanzo. Mara ufunguo umepotea, mara ukumbi una giza.

"Mlango umefungwa," akasoma.

"Jana umefungwa, leo umefungwa. Mwanangu hakuwa na tabia ya kujifungia."

Kinyozi akachungulia, taulo begani. "Fundi, kwako nako umeme haujarudi? Nina mteja kanyolewa nusu kichwa tangu asubuhi, sasa anataka kunipiga!"

Kinyozi akamtazama fundi, akamtazama mama, akaitazama meza. Akarudi nyuma, akaondoka.

Mama akanyoosha mkono, akaipapasa kompyuta mgongoni. Ilikuwa ya baridi. Fundi akangoja kilio.

"Mwambie abishe hodi," mama akasema.

Kwenye kioo cheusi cha kompyuta fundi aliona nyuso mbili tu, yake na ya mkewe. Akabonyeza polepole, mpaka herufi ya mwisho.

"Karibu, mama," akasoma.