Chai ya Chumvi

Makame alirudi kutoka angani akiwa mpole, na upole huo ndio uliomtia mkewe Mwanakombo wasiwasi. Madaktari walikuwa wamemwonya kwamba mionzi ya huko juu huweza kugusa ubongo, ikaharibu kumbukumbu na hata tabia. Wakampa daftari aandike kila badiliko.

Makame wa zamani akikosa tangawizi kwenye chai hununa mpaka jioni. Basi leo, kwa siku ya tatu, Mwanakombo akamtilia chumvi badala ya sukari, akakaa kumchungulia. Makame akainywa yote.

"Ahsante, mke wangu."

Mwanakombo akachomoa daftari chini ya mkeka.

"Ina chumvi," Makame akasema taratibu.

"Kumbe unaisikia?"

"Tangu juzi."

"Na ukanyamaza? Unanichezea, Makame?"

Makame alikizungusha kikombe kitupu. "Nilidhani ndivyo unavyoipika siku zote. Nikaona haya kuuliza."

Akasogeza kikombe aongezewe. Mkono wa Mwanakombo ukabaki juu ya sinia, kati ya bakuli la sukari na bakuli la chumvi.